Mbwa Anayepona kwa Dawa za Steroidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mtwara na Lindi

Maswali haya ni ya mtu ambaye mbwa wake ameponea chupuchupu, amerudishwa nyumbani, na sasa ana kijimfuko cha vidonge mkononi na wiki nyingi za kuuguza mbele yake. Dozi zilizotajwa ni za kukusaidia kuelewa ulichoandikiwa na kuuliza mapema ukiona namba haziendani. Anayepanga dozi ni daktari wa mifugo aliyemwona mbwa. Ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu, soma la 18.

## Misingi

1. Steroidi ni dawa gani, na kwa nini mbwa wangu amepewa?

Ni dawa zinazofanana na homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe katika tezi mbili ndogo zilizo jirani na figo. Kwa dozi ndogo hupunguza uvimbe na mwasho. Kwa dozi kubwa huituliza kinga ya mwili. Inayotumika zaidi kwa mbwa ni prednisoloni.

Huku Kusini, ukanda wa joto na kupe wa mwaka mzima, mbwa anayefikia dozi kubwa mara nyingi alianza na ugonjwa wa kupe: vijidudu vya Ehrlichia au Babesia. Baada ya maambukizi kama hayo kinga ya mbwa inaweza kukosea adui, ikaanza kuvunja chembe nyekundu za damu yake yenyewe au zile chembe zinazogandisha damu. Steroidi ndiyo inayozuia uharibifu huo. Haiui kijidudu chochote. Ndiyo maana mbwa huyohuyo anaweza kuwa na doksisaiklini kwa ajili ya Ehrlichia (kwa kawaida siku 28) au sindano ya imidokabu kwa ajili ya Babesia. Dawa hizo haziwezi kushika nafasi ya steroidi, wala steroidi haishiki nafasi yao.

2. Dozi inahesabiwaje?

Kwa uzito wa mbwa. Kutuliza uvimbe ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo kwa siku. Kutuliza kinga huanzia miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku, na kwa mbwa mkubwa madaktari wengi huweka kikomo cha miligramu 50 hadi 60 kwa siku hata kama hesabu ya kilo inadai zaidi.

Mfano: mbwa wa kilo 15 kwa dozi ya kutuliza kinga anapata miligramu 30. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 5, kwa hiyo ni vidonge 6 kwa siku. Idadi hiyo huwashtua watu, wengine wakapunguza kimyakimya kwa kuhofia kumzidishia. Usifanye hivyo. Dozi ndogo kuliko inayotakiwa mwanzoni huacha ugonjwa uendelee huku madhara ya dawa yakija vilevile.

3. Duka halina prednisoloni, wamenipa prednisoni au deksamethasoni. Ni sawa?

Prednisoni ni sawa kwa mbwa, kwa miligramu zilezile, kwa kuwa ini lake huibadilisha kuwa prednisoloni.

Deksamethasoni si sawa hata kidogo. Miligramu 0.75 za deksamethasoni zina nguvu inayokaribiana na miligramu 5 za prednisoloni, na hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kubadilisha kidonge kwa kidonge, au miligramu kwa miligramu, ni kosa kubwa. Kama hakuna njia nyingine, mpigie daktari akupe hesabu mpya kabla mbwa hajameza chochote.

4. Atatumia kwa muda gani?

Kozi ya kushusha uvimbe inaweza kuwa ya siku chache. Kwa ugonjwa wa kinga kuvunja damu, tarajia miezi 3 hadi 6, na wengine zaidi. Usipange kwa wiki mbili ukakata tamaa ya tatu.

## Kumpa dawa

5. Nimpe saa ngapi, na namna gani?

Asubuhi, pamoja na chakula, saa ileile kila siku. Dozi kubwa daktari anaweza kuigawa asubuhi na jioni. Asubuhi ina faida nyingine pia: kiu na mkojo huwa vingi mchana kuliko usiku.

Prednisoloni iliyovunjwa ni chungu sana. Fumbata vidonge ndani ya tonge dogo la ugali lililochovywa kwenye supu ya samaki. Mpe kwanza tonge tupu, la pili lenye dawa, la tatu tupu analiona tayari mkononi. Kwa hamu ya la tatu atalimeza la pili bila kutafuna. Usisage vidonge ukamwaga kwenye bakuli zima, kwani akibakiza nusu hutajua amepata kiasi gani.

Kama anatumia doksisaiklini pia, kapsuli ile ikikwama kooni huunguza na kuacha kidonda. Mfuatishie tonge na maji kila mara, na usimpe pamoja na maziwa.

6. Nyumbani hatutaki kugusa mate ya mbwa. Tutampaje dawa?

Nyumba nyingi za pwani zina swali hili, na halizuii matibabu. Mbinu ya tonge katika jibu la 5 haihitaji mtu kutia mkono mdomoni. Tupa tonge chini kwenye sahani yake maalumu, simama umwangalie hadi ameze, kisha hesabu hadi 60 kuhakikisha hajatema. Bakuli lake lisichanganywe na vyombo vya nyumbani, na weka jozi ya glavu kwa siku za kukagua ufizi. Kabidhi kazi hii kwa mtu mmoja au wawili wanaojulikana. Palipo na watu wengi wa kusaidia, dawa hutolewa mara mbili au haitolewi kabisa. Daftari lenye tarehe na alama ya vema hukomesha mkanganyiko huo.

7. Nimesahau dozi, au ametapika baada ya kumeza. Nifanyeje?

Ukikumbuka siku hiyohiyo, mpe. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya kawaida. Usimpe mara mbili kufidia.

Akitapika ndani ya nusu saa na vidonge vinaonekana vizima kwenye matapishi, unaweza kurudia baada ya tumbo kutulia. Kama huvioni, ngoja dozi inayofuata. Akitapika dozi mbili mfululizo, mpigie daktari siku hiyo, maana mbwa wa aina hii hatakiwi kukaa bila dawa (tazama 18).

8. Ninunue na kuhifadhi vipi?

Prednisoloni ya miligramu 5 hupatikana katika maduka ya dawa za binadamu, na ni dawa ileile. Mara nyingi hutolewa kwenye kopo kubwa, zikahesabiwa na kutiwa kwenye kijimfuko kisicho na maandishi. Omba waandike jina, miligramu na tarehe ya mwisho wa matumizi hapohapo. Vidonge vidogo vyeupe vinafanana mno, na baada ya mwezi hutakumbuka kipi ni kipi.

Unyevu wa pwani huviharibu. Viweke kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu pasipozidi nyuzi 30, si dirishani wala ndani ya gari. Kama mmepewa ya maji ya watoto, soma lebo: yenye zailitoli isimfikie mbwa, maana utamu huo hushusha sukari ya mbwa ghafla na kuharibu ini.

Weka akiba ya wiki mbili daima, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Aliyeko ndani ya Liwale au Nanyumbu anajua barabara inavyoweza kugoma baada ya mvua.

## Madhara ya kutarajia

9. Anakunywa maji bila kukoma na kukojoa ndani. Nimpunguzie maji?

Hapana, kamwe. Dawa hulifanya figo lipoteze maji, na kiu ni njia ya mwili kuyarudisha. Ukimnyima ataishiwa maji, na kwa joto letu hiyo ni hatari ya saa chache.

Mbwa mzima hunywa takribani mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku. Wa steroidi anaweza kuvuka 100. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni zaidi ya lita moja na nusu. Mwekee ndoo, si kikopo. Mtoe nje kila baada ya saa mbili au tatu mchana na kabla ya kulala, na usimpige akikojoa ndani, kwa sababu hawezi kujizuia.

Mkojo ukiwa na damu, ukinuka vibaya kuliko kawaida, au akijikaza kutoa matone, pimisha. Maambukizi ya kibofu hupenda mbwa wa steroidi, na dawa yenyewe huyaficha yasionekane mapema.

10. Anahema usiku kucha hata akiwa amelala. Ni joto au ni dawa?

Mara nyingi ni vyote viwili. Steroidi huongeza kuhema, na joto la Novemba hadi Machi likichanganyika na unyevu wa bahari humtesa zaidi. Banda la bati ni tanuri mchana. Muhamishie chini ya mti, kwenye kivuli cha makuti au kwenye sakafu ya saruji penye upepo. Kitambaa chenye maji tumboni na kwenye nyayo humsaidia.

Kuhema kwa dawa hukoma akisinzia vizuri. Pumzi zinazobaki za kasi usingizini ni jambo lingine. Jibu la 16 linaeleza namna ya kuzihesabu.

11. Tumbo limening'inia, miguu imekonda, manyoya yanapukutika. Je, ugonjwa umerudi?

Kwa kawaida ni dawa. Misuli hupungua, mafuta huhamia tumboni, ini huvimba kiasi, na ngozi inakuwa nyembamba. Hurudi polepole dozi ikishuka. Michubuko midogo hupona taratibu, kwa hiyo osha kila kidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo na ukilinde dhidi ya nzi, funza hawakawii.

Mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele ni kisa kingine. Yanaweza kuwa ukurutu wa utitiri, wadudu wadogo sana wanaoishi ndani ya ngozi na kuongezeka kinga ikishuka. Daktari akwangue ngozi aangalie kwa hadubini.

12. Ni dalili zipi za kutosubiri asubuhi?

Kinyesi cheusi chenye kunata, au matapishi yenye damu au chembe za kahawia: tumbo linavuja damu. Ufizi mweupe au wa manjano. Mkojo wa rangi ya chai kavu. Kulegea na kushindwa kusimama. Kupumua kwa shida kulikoanza ghafla, kwani mbwa ambaye kinga inavunja damu yake huganda damu mahali pasipotakiwa, na kipande kinaweza kuziba mapafu.

Na hii watu huipuuza: mbwa wa steroidi anayekataa chakula. Dawa hii humfanya awe mlafi. Akigoma kula siku nzima, kuna kitu kimeharibika.

## Chakula

13. Nimlishe nini?

Anahitaji protini ya kutosha kwa sababu misuli inaliwa, na mafuta kidogo kwa sababu kongosho lake liko hatarini. Samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba yote, dagaa wasio na chumvi waliooshwa mara mbili, mayai yaliyoiva, nyama isiyo na mafuta. Changanya na ugali wa mahindi au wali, kitoweo kisipungue theluthi moja ya sahani. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi aachane nao, kwa kuwa dawa tayari inaushikisha mwili chumvi.

Gawa chakula cha siku mara tatu. Atalia njaa muda wote. Njaa hiyo ni ya dawa, usiifuate. Ukitaka kumtuliza, ongeza boga au maharage mabichi ya kuchemsha.

Makombo ya mezani ndiyo tatizo kubwa kuliko yote. Mchuzi wetu wa samaki una nazi na kitunguu. Nazi ni mafuta mengi. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa, na huyu ndiye mbwa ambaye chembe zake tayari zinavunjwa. Pilau, supu ya pweza iliyotiwa viungo, rojo la maharage: vyote vina kitunguu. Mpikie chungu chake, chumvi na kitunguu viingie kwenye chungu cha watu baadaye.

Ufukweni na sokoni afungwe. Njaa ya steroidi itampeleka kwenye matumbo ya samaki yaliyotupwa, na mahali wavuvi wametupa bunju, sumu yake haina dawa.

14. Msimu wa korosho una hatari gani kwake?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Korosho zenyewe zina mafuta mengi, na konzi moja au mbili zinaweza kuvimbisha kongosho lake: kutapika, kukunja mgongo, kukataa chakula. Maganda mabichi yana mafuta yanayobabua mdomo na koo. Mabibo yaliyoanguka na kuchacha yana pombe, na machicha ya uraka (pombe ya mabibo) yana zaidi. Mbwa mwenye njaa na ini lililochoka hulewa haraka. Kuanzia Oktoba, mbwa huyu asizurure chini ya mikorosho.

Katika miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, mfungie ndani asubuhi hadi vumbi litue. Macho yakiwa mekundu, osha kwa maji safi mengi. Usimtie dawa ya macho yenye steroidi iliyobaki nyumbani. Kama kuna kidonda kwenye mboni, itakitoboa.

## Kumwangalia kila siku

15. Nikague ufizi vipi?

Mchana, nje, si chini ya taa ya balbu. Inua mdomo wa juu pembeni. Rangi nzuri ni waridi. Bonyeza kwa kidole hadi pawe peupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili.

Mbwa wetu wengi wana ufizi mweusi, hauonyeshi kitu. Vuta kope ya chini taratibu utazame utando wa ndani. Huo hauna weusi. Kwa umanjano angalia weupe wa jicho. Kisha geuza sikio na utazame tumbo pasipo manyoya: vitone vyekundu vidogo visivyofifia ukivibonyeza ni damu inayovuja chini ya ngozi, yaani chembe za kugandisha zimeshuka.

Ufanye saa ileile kila siku na uandike. Mabadiliko ya polepole hayaonekani kwa mtu anayemwona mbwa kila saa.

16. Uzito, pumzi na mazoezi?

Mpime mara moja kwa wiki. Mdogo, mbebe ukapande naye mzani wa bafuni kisha utoe uzito wako. Mkubwa apimwe kwenye mzani wa magunia. Ongezeko linalopita asilimia 10 linamaanisha unalisha njaa ya dawa.

Pumzi: akiwa usingizini hesabu kifua kikipanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 ni sawa. Zaidi ya 40, akipumzika pasipo joto, piga simu.

Mwenye upungufu wa damu asitembezwe zaidi ya kwenda kukojoa. Wa ulinzi afungwe kwenye kivuli, asikimbize nyani shambani. Kiwango cha chembe nyekundu (tazama 17) kikivuka asilimia 30, mwanzishie matembezi mafupi ya asubuhi. Yanasaidia misuli kurudi.

17. Vipimo vya damu ni vya lazima? Tuko mbali na mji.

Kimoja ni cha lazima: kiwango cha chembe nyekundu. Kwa mbwa mzima ni asilimia 37 hadi 55. Hupimwa kwa kuzungusha mrija mwembamba wa damu kwenye mashine, na kipimo cha namna hiyo kinaweza kufanywa hata na maabara ya binadamu yenye mashine ya mirija. Mashine za kuhesabu chembe zilizowekwa vipimo vya binadamu hazisomi damu ya mbwa sawasawa, hasa chembe za kugandisha, kwa hiyo namba za mashine hizo uzifikishe kwa daktari bila kuziamini peke yake.

Anza na kipimo kila wiki moja au mbili, kisha kabla ya kila ngazi ya kushusha dozi. Afisa mifugo wa kata anaweza kuchukua damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau; isafirishwe kwenye ubaridi bila kugandishwa, ifike siku hiyo au kesho yake. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Mtwara. Kesi ngumu hupelekwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Kama fedha ni za kuchagua, lipia kipimo hiki na vidonge kwanza. Vitamini za kuongeza damu ziwe za mwisho: damu hii haikupungua kwa kukosa madini ya chuma, imevunjwa.

## Kupunguza na kuacha

18. Amepona kabisa, anakimbia na kula. Kwa nini nisiache dawa?

Kwa sababu mbili, na mbwa wengi huangukia hapa baada ya kushinda sehemu ngumu.

Ya kwanza: mbwa anaonekana mzima kwa sababu dawa inaizuia kinga, si kwa sababu kinga imeacha kushambulia. Ukiondoa kizuizi mapema, damu huanza kuvunjwa tena, na mara ya pili mara nyingi ni ngumu kuituliza kuliko ya kwanza.

Ya pili: mwili ukipata homoni kutoka nje kwa wiki kadhaa, zile tezi jirani na figo hulala. Ukikata ghafla, mbwa hubaki bila homoni kabisa. Siku mbili tatu baadaye analegea, anatapika, anaharisha, anatetemeka, na anaweza kuzimia akafa, hasa akipata mshtuko kama joto kali, safari au ugomvi. Tezi zinahitaji muda kuamka, ndiyo maana dozi hushushwa kwa ngazi. Kozi ya siku chache, isiyofika wiki, ndiyo pekee ambayo daktari anaweza kuikata moja kwa moja.

19. Ngazi zinakuwaje?

Kwa kawaida dozi hupunguzwa robo kila wiki mbili au tatu, kipimo cha damu kikiwa kizuri kabla ya kila ngazi. Kwa mbwa wetu wa kilo 15: vidonge 6, kisha 4 na nusu, kisha 3 na nusu, kisha 2 na nusu, kisha 2. Chini ya hapo wengi huenda kwenye siku moja wape, siku moja ruka, na ngazi za mwisho huwa polepole zaidi.

Nunua kikata vidonge au tumia wembe mpya juu ya kibao. Nusu zisizo sawa si tatizo ukimaliza nusu zote mbili kwa siku zinazofuatana. Usikate vya mwezi mzima mara moja. Vilivyokatwa hunyonya unyevu.

20. Dawa imeisha, barabara imekatika. Amekaa siku tatu bila kitu.

Mpigie daktari kwa simu. Mara nyingi ataagiza urudi kwenye dozi ya mwisho aliyokuwa anapewa, siyo ngazi inayofuata. Prednisoloni ya zahanati au ya duka la dawa la kijiji inafaa, ila thibitisha ni miligramu 5. Mweke kwenye ubaridi na utulivu hadi siku mbili zipite.

21. Dozi imeshuka na dalili zimerudi.

Kagua kama ilivyo katika 15, pima damu siku hiyo, mpigie daktari. Usipandishe mwenyewe kwa kukisia. Wakati mwingine si ugonjwa uliorudi bali kupe wapya waliomwambukiza tena. Daktari anaweza kuongeza azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga; dawa hiyo shika kwa glavu, na mama mjamzito asiiguse.

Kiu ikizidi dozi ikiwa inashuka, na mbwa akikonda huku anakula, pimisha sukari.

22. Tumemaliza vidonge. Kuna la kufanya?

Pima damu wiki mbili hadi nne baada ya kidonge cha mwisho. Tezi zinaweza kuchukua wiki hadi miezi kuamka sawasawa, kwa hiyo daktari yeyote atakayemfanyia upasuaji katika kipindi hicho aambiwe.

## Dawa nyingine

23. Anachechemea. Nimpe diklofenaki au panado?

Hapana. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, na hata meloksikamu ya mifugo zikikutana na steroidi hutoboa tumbo. Hili si tahadhari ya karatasi. Ni miongoni mwa njia za haraka za kumuua mbwa aliyekuwa anapona. Parasetamoli nayo huharibu chembe nyekundu na ini. Mwambie daktari anachechemea, kuna dawa nyingine. Hali pekee tofauti ni aspirini ya dozi ndogo sana au klopidogreli iliyoandikwa na daktari makusudi kuzuia damu kuganda (tazama 12).

Omeprazoli (ya kupunguza asidi ya tumbo) ikiandikwa, hutolewa nusu saa kabla ya chakula. Si kila mbwa anaihitaji.

24. Nimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe?

Amitrazi asioge sasa: hupunguza mapigo ya moyo na kupandisha sukari, na steroidi tayari inaipandisha. Dawa za kundi la sipamethrini zinatumika kwa mbwa zikichanganywa kama lebo ya mbwa inavyosema, lakini kipimo cha kifuniko kwa kukisia kwenye ngozi iliyokonda ni hatari, na paka wa nyumbani anaweza kufa kwa kumlamba. Dawa ya matone ya shingoni yenye fipronili ni salama zaidi.

Kupe wa mbwa hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta na chini ya mkeka. Ziba nyufa za banda, choma matandiko ya zamani, pulizia kuta mbwa akiwa nje hadi zikauke, rudia baada ya wiki mbili. Mbwa wote wa nyumbani watibiwe siku moja. Kila jioni pitisha vidole masikioni, chini ya mkanda na kati ya vidole vya miguu. Wa pale kati ya vidole ndio wanaosahaulika.

25. Minyoo?

Safura hunyonya damu, kwa hiyo itibiwe. Fenbendazoli, miligramu 50 kwa kilo kwa siku tatu, inafaa. Albendazoli epuka, inaweza kudidimiza uboho unaotengeneza damu. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe ni kali mno kwa kukisia.

26. Mwarobaini, oil chafu, mafuta ya taa?

Oil chafu na mafuta ya taa huingia mwilini kupitia ngozi na kuunguza ini. Mbwa akijilamba, huyameza. Mwarobaini na mizizi mingine isichanganywe na dawa hizi wakati ini liko kazini.

## Hali zisizo za kawaida

27. Kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa imefika kijijini. Achanjwe?

Chanjo ya kichaa haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza, ila kwa dozi kubwa ya steroidi inaweza isishike vizuri. Mwonyeshe mchanjaji daftari lako. Daktari ataamua achanjwe sasa na kurudiwa baadaye, au asubiri. Chanjo zenye virusi hai, kama ya distempa na parvo, zisubiri hadi dawa ziishe.

28. Amemng'ata mtu.

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa afungwe na kuangaliwa siku 10, taarifa iende kwa afisa mifugo. Dawa zake ziendelee. Akikatiwa ataugua kwa sababu nyingine na kuchanganya uchunguzi.

29. Tunaishi karibu na pori lenye mbung'o.

Hili liulizwe kabla ya steroidi. Upande wa Liwale na vijiji vinavyopakana na Selous, mbwa mwenye homa, damu pungufu, uso uliovimba na macho yenye ukungu anaweza kuwa na nagana, ugonjwa wa vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, na steroidi pekee humpa nafuu ya siku chache huku vimelea vikiongezeka. Omba tone la damu litazamwe kwa hadubini. Diminazini ya ng'ombe isitolewe kwa kukisia: dozi ikizidi kidogo tu huharibu ubongo wa mbwa.

30. Ni jike na ana mimba.

Mwambie daktari leo. Steroidi inaweza kuharibu mimba au kufanya watoto wazaliwe na kaakaa lililopasuka.

31. Amekula pakiti nzima ya vidonge.

Hesabu vilivyobaki, andika saa, piga simu. Prednisoloni nyingi kwa mara moja kwa kawaida huleta kutapika, kuharisha na kiu kubwa, si kifo, lakini tumbo linaweza kutoka damu siku zinazofuata. Usimnyweshe chumvi wala mafuta ili atapike. Mpe maji, angalia kinyesi kwa siku tatu, na usikatishe dozi za kesho bila daktari kusema.